Kabla ya Msumeno

Niliileta nyumbani Katuba imeviringwa ndani ya mkeka,
imefungwa kwenye baiskeli toka njia ya Kipushi,
kibali mfukoni, mihuri mitatu.
Mara nne nilikionyesha njiani,
mara nne nikaombwa faranga za sukari.

Chansa alisimama mlangoni na mwiko wa bukari.
"Hicho kisilale chumbani."
Kwao Pweto bunduki hazikubisha hodi.
Sikubishana. Niliilaza karakanani,
kando ya jiliwa, kati ya tupa na randa,
kama mgeni ambaye bado hajataja ukoo wake.

Miaka thelathini na mmoja nimekata chuma
chini ya lile bomba refu la moshi.
Mkono wangu hukata kwanza, huuliza baadaye.
Usiku uleule nikapiga mstari wa chaki:
kitako kipungue vidole vitatu,
ubao wa mbele ubaki nusu,
na mtutu, mrefu kama mwanajeshi wa gwaride,
utafanya nini vichakani
na nguruwe wanaokula mihogo yangu?

Kisha mvua ikanyesha, umeme ukakatika,
msumeno ukabaki msumarini.

Kwa hiyo nikanusa.
Grisi ya zamani, njano, imeganda kama nta,
na chini ya grisi, ghala;
na chini ya ghala, jasho la watu wengi
waliosimama foleni wakingoja kitu kisichofika.

Kesho yake nikasoma namba kwa taa ya mafuta.
Ya komeo si ya mtutu.
Kumbe ni ndugu wa kambo hawa,
waliunganishwa mezani na fundi fulani aliyeharakishwa,
na bado wanafungana, tak,
vizuri kuliko mimi na kaka yangu Kabwita
tuliotoka tumbo moja.

Upande wa kushoto wa kitako pana bonde dogo, laini,
pale shavu lilipozoea kulala.
Nikaweka langu. Halikuenea.

Na nyuma kabisa, chini ya uchafu,
kitu kimechorwa kwa ncha ya kisu.
Nilitarajia alama za hesabu, zile wanazosimulia watu,
mkato mmoja, roho moja.
Nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.
Kuku.
Kuku jike, mkia juu, jicho tundu moja,
mguu mmoja haukumalizwa.

Nikamwita Chansa. Alikuja hadi kizingitini tu,
kisha hatua moja, kisha nyingine.
Akaweka kidole juu ya mkia.
"Huyu alikuwa na njaa," akasema,
akarudi kwenye sombe yake.

Jumamosi nikaenda nayo shambani.
Risasi tatu kwenye kichuguu, ghali kama karo ya shule.
Zote kushoto, kiganja kizima.
Siku mbili niliichukia.
Nilimwambia Kisimba jirani: wameniuzia kipofu.
Kisimba, aliyewahi kulinda maghala ya shaba, akacheka:
"Ifyatue tupu. Tazama ncha."
Nikaifyatua tupu, bila risasi, bila mshindo.
Ncha ikaruka kushoto
kama mbuzi aliyeguswa na moto.
Haikuwa bunduki. Bega langu
liliogopa kelele ambayo haikuwapo.

Tangu hapo kila jioni naifyatua tupu mara ishirini,
sarafu ikiwa juu ya mtutu.
Juzi sarafu ilikaa mara kumi na mbili.

Mstari wa chaki bado upo.
Unapita katikati ya kuku, shingoni.
Jana niliufuta kwa kidole gumba, nikachora mwingine,
nikaufuta huo pia.
Nilishika hata kisu, nimalizie ule mguu,
mguu tu, mikato miwili.
Nikakirudisha kisu mahali pake.

"Umeshakata?" Chansa ameuliza leo asubuhi.
"Bado."
"Nguruwe wameshamaliza tuta la tatu."
Najua. Nimezihesabu nyayo zao.